Vidole Vitatu vya Chumvi

Kwa miaka kumi na moja niliishi mtaa wa Nsemulwa ukuta kwa ukuta na mwanamke aliyepikia nusu ya harusi za Mpanda, na katika miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akionja chakula chake. Wapishi wengine huchovya kijiko, wengine hulamba kiganja, wengine hujidai wanapima nyama kumbe wanakula. Yeye aliinamia sufuria, akavuta mvuke kwa pua, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akanyunyiza, akafunika. Ukimwuliza kama imekolea, anakutazama kama umemtukania mama yake.

"Kuonja ni kuuliza sufuria swali," alikuwa anasema. "Mi siulizi. Mi naiambia."

Mtaani tulimwita Mpishi, na humu nitamwita hivyo hivyo. Jina lake ninalijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuliandika kwenye karatasi muhimu, kisha nikalikata kwa mkono wangu. Siku moja tu alikubali kuonja chakula mbele ya watu, na mimi ndiye niliyemnyima siku hiyo. Habari hii nimeikalia muda mrefu na sijapata nafuu yoyote.

Lakini nikianza na hilo mtamwona mtu wa kuhurumiwa, na yeye hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mkali. Akifika kwenye shughuli hakusalimia mtu mpaka azunguke uwanja mzima akitafuta upepo unatoka wapi, anapiga teke jiwe hili na lile, ndipo anaonyesha kwa kidole mafiga yakae wapi. Siku moja njia ya Litapunga, mwenye shughuli, mkulima wa tumbaku mwenye sauti kubwa, alimwambia majiko yawe nyuma ya nyumba ili moshi usiwasumbue wageni rasmi.

"Baba," Mpishi akamwambia, "unataka wasione moshi au wasione chakula? Chagua moja."

Majiko yakakaa pale alipotaka yeye. Wanaume waliokuja jikoni kutoa ushauri aliwapa shoka wakapasue kuni, na wengi wao walikumbuka ghafla kwamba wanaitwa mbele. Matusi yake yalikuwa ya dereva wa lori. Halafu Jumapili alisimama kanisani kusoma somo kwa sauti tulivu, kitambaa cheupe kichwani, mpaka mtu mgeni akauliza kama ni mtawa. Nilipomtania juu ya hilo alisema Mungu amewahi kuwa karibu na wali unaoungua, anajua mtu husema nini.

Harusi hakuzipenda, au ndivyo alivyosema. "Harusi ni msiba wenye nyama," aliniambia wiki ya kwanza tu nilipohamia pale nikiwa bado na mapambo ya ndoa yangu ukutani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufanyiwa. "Mi nilihama tu, na sufuria yangu." Na bado, katika kila harusi aliyopika, sahani ya kwanza hakumpelekea mgeni rasmi wala mchungaji. Aliijaza, akaifunika kwa sahani nyingine, akaificha chini ya meza. Ilikuwa ya bibi harusi. Alishajua kwamba bibi harusi akikaa pale mbele hali kitu, anatazamwa tu, anajiumauma na kipande cha nyama kama ana meno ya kuazima, halafu anaondoka na njaa kwenda kuanza ndoa. Basi jioni sahani ile ilipenyezwa chumbani anakobadilishia nguo. Nimekutana na wanawake wa makamo Mpanda hii, wengine ndoa zenyewe zilishavunjika, bado wanaikumbuka sahani ile.

Yeye mwenyewe alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha, amevifunga kwenye kitambaa. Wenzake wakigombea firigisi, yeye amekalia kinu kilichopinduliwa anakula viazi vyake. Nilidhani ni maringo. Siku moja nimetoka kufundisha, tunachambua mchele uani kwangu nikamuuliza kama chakula chake anakiogopa.

Hakucheka. Aliniambia kwamba alipokuwa binti alipikia watoto wa shule kule Katumba, sufuria moja, watoto wengi.

"Mpishi akionja mara tatu amekula sahani ya mtu," alisema. "Walikuwa wanakaa pale wanatazama mkono wangu. Sio sufuria, Mwalimu. Mkono. Nikajifunza kunusa."

Akaendelea kuchambua mchele, na mimi nikaendelea kuchambua wa kwangu.

Katumba, kwa asiyepajua, ni makazi waliyopewa watu waliokimbia Burundi miaka ile ya sabini. Yeye alifika pale mgongoni mwa mama yake. Kila kitu anachokijua alikijulia hapa: Kiswahili, kanisa, tumbaku, matusi. Uraia ulipotoka, karatasi yake aliifunga kwenye nailoni akaitia ndani ya kopo la karafuu, ndiyo maana kila alipoitoa ilinukia pilau. "Ofisini wakiishika wanasikia njaa," alisema. Mtu akimuuliza kwao ni wapi, alijibu Katumba. Mtu akiendelea, kabla ya Katumba je, alijibu, "Kabla ya Katumba nilikuwa nanyonya. Uliza mwingine."

Nilimcheka sana kwa jibu hilo. Sikufikiria ni mara ngapi alikuwa amelazimika kulitoa.

Sasa harusi ya Mtemi. Utemi hauna serikali tena, huo ulikwisha kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini ukoo upo, ngoma zipo, na kiti kipo. Mtemi mwenyewe alikuwa kijana wa ofisini Dodoma, mwenye miwani na simu mbili. Aliposema anarudi kuoa nyumbani, kwa mila zote, Mpanda nzima ilipata homa. Watu walikuja na treni kutoka Tabora, wengine kwa basi kutoka Sumbawanga. Wafugaji walileta madume. Migebuka, wale samaki wa ziwani, ilitoka Karema ndani ya matenga, mchele ukatoka Mwamapuli. Mpaka leo watu hapa wakitaka kukumbuka jambo husema lilikuwa kabla ya harusi ya Mtemi au baada yake. Video zake bado zinazunguka kwenye simu.

Mume wangu ni wa ukoo ule. Mimi ni mwalimu na mwandiko wangu ni mzuri, kwa hiyo wakanifanya katibu wa kamati. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeolewa miaka tisa na bado kwenye vikao vya ukoo nilikuwa nakaa karibu na mlango. Nilitaka wanipende. Nalisema hilo kwa sababu ndilo jambo lenyewe, na lingine lote lilifuata hapo.

Mpishi nilimpendekeza mimi, na hakuna aliyebisha, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kulisha umati ule. Ndipo nikaenda kumweleza mila. Siku Mtemi anapooa, kabla mtu hajagusa chakula, katibu anasimama na kusoma jina la mpishi na kwao. Mpishi anatoka jikoni bila viatu, anapiga goti mbele ya Mtemi, masufuria yanaletwa, naye anaonja kila moja kwa mkono wake mwenyewe. Watu wote wanasubiri kimya. Akimaliza anasema, "Chumvi imetosha." Anavishwa kitenge begani, na hapo ndipo karamu inaanza. Zamani ilikuwa kinga ya sumu. Siku hizi ni heshima tu, lakini ni heshima kubwa. Kuna familia zinataja bibi aliyewahi kuonja kama wengine wanavyotaja mbunge.

Mpishi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kila sufuria?"

"Kila sufuria, mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Mbele ya Mtemi na watu wote."

Nilidhani atatukana. Alikaa akifuta mwiko ambao ulikuwa mkavu tayari. "Watasoma na kwetu?"

"Jina na kwenu."

"Basi siku hiyo nitaonja," alisema.

Wiki mbili zilizobaki nilimsikia ng'ambo ya ukuta akifanya mazoezi huku anaosha vyombo. Chumvi imetosha. Anasema kwa sauti nene, kisha kwa sauti ya kanisani, kisha anajicheka peke yake. Alisuka nywele, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alituma habari kwa dada yake Katumba, na dada yake akawaambia wanawake wa kwaya, nao wakaamua kuja wote.

Siku tatu kabla ya harusi, Baba Mdogo alikuja kwangu. Huyu kwa mume wangu ni baba mdogo kweli, na ndiye mzee aliyekuwa anasimamia mila. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai, akasifu mwandiko, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mkwe wangu, ratiba imekaa vizuri. Sasa hapa kwenye mpishi."

"Ndiyo, Baba."

"Umeandika na kwao. Katumba."

"Ndiko kwao, Baba."

"Ndiko." Akakoroga chai. "Sisi na yule mama hatuna neno. Apike. Anajua kupika, nani anakataa? Ila kusimamishwa mbele ya Mtemi mtu wa kuja, na hizi video zinafika mpaka Dodoma. Watasema ukoo umeisha? Shangazi yenu yupo. Yeye ni damu ya hapa. Yeye aonje."

"Lakini Shangazi hapiki, Baba."

"Nani atamuuliza?"

Na kweli hakuna aliyemuuliza. Sikupewa vitisho, sikupewa chochote. Alisema tu, akiwa mlangoni anatafuta fimbo yake, kwamba baada ya shughuli hii vikao vya ukoo vitahitaji katibu wa kudumu, mtu mwenye akili kama mimi. Alipoondoka nilichukua kalamu nikakata jina la Mpishi kwa mstari mmoja ulionyooka, maana hata katika hilo nilitaka kazi iwe safi, nikaandika jina la Shangazi juu yake.

Mume wangu alisema, "Umemwambia jirani?" Nikasema nitamwambia. Kesho yake sikumwambia kwa sababu alikuwa na haraka. Kesho kutwa sikumwambia kwa sababu wanawake wengine walikuwepo. Siku yenyewe nilikuwa na asubuhi nzima. Nilipita jikoni mara nne na daftari langu kifuani, nikahesabu majiko, nikauliza kama maji yanatosha, na kila mara Mpishi aliniinulia mwiko akaendelea na kazi. Uso wake ulikuwa umepakwa mafuta, unang'aa ndani ya moshi. Wanawake wa Katumba walisimama kwenye uzio wa miti, nguo zao za kwaya zimepigwa pasi. Nikajiambia nitamwambia nikirudi.

Saa ya kuonja ilipofika nilipewa kipaza sauti. Kutoka pale mbele niliweza kuona pembeni mwa turubai, mpaka kwenye mabati ya jikoni. Mpishi alikuwa amesimama pale. Ameshanawa mikono, anaiacha ikauke hewani ili isishike kitambaa. Viatu vilikuwa pembeni, vimepangwa pamoja.

Nilisoma jina la Shangazi. Nikasoma na kwao.

Shangazi akatoka, mtu mzima mwenye mwendo wa heshima, akapiga goti. Akaonja kila sufuria, na nafikiri alionja zaidi ya mila inavyotaka. Akasema, "Chumvi imetosha," na umati ukapiga vigelegele, kwa sababu ilikuwa imetosha kweli. Nilipotazama tena kwenye mabati, Mpishi alikuwa ameinama anavaa viatu. Alivaa cha kulia, akafunga mkanda, akavaa cha kushoto. Halafu akarudi jikoni kupakua, maana watu walikuwa na njaa.

Kuna wanaodhani mtu akidhulumiwa hutupa mwiko chini na kuondoka. Mimi nilikuwa naomba afanye hivyo, ili makosa yawe yake kidogo. Alipakua mpaka mtu wa mwisho. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyepewa ukoko. Wanawake wa kwaya waliingia jikoni bila kuitwa wakamsaidia kuosha, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Jioni mtoto wa dada yake alinikabidhi sahani iliyofunikwa kwa sahani. Ya bibi harusi. Siku ile pia hakuisahau.

Niliipeleka mwenyewe chumbani. Mke wa Mtemi alikuwa ameketi kitandani na gauni lote, macho mekundu kwa uchovu. Alifunua, akala matonge matatu ya haraka, akaniuliza nani amemwekea.

"Jikoni," nikasema.

"Jikoni nani?"

"Watu wa jikoni tu, dada. Kula."

Ile ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya siku, na hakukuwa na Baba Mdogo mle chumbani.

Mpishi hakuniuliza kitu. Asubuhi iliyofuata tulikutana bombani, akanisalimia kwanza. "Umeamkaje, Katibu?" Miaka yote aliniita Mwalimu. Tangu siku ile hakuniita Mwalimu tena. Alinisalimia, alinikopesha mkaa, mwanangu alipougua malaria alileta uji siku tano mfululizo, na kila mara ilikuwa Katibu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Vikao vya ukoo navyo vilinipa kiti karibu na meza. Nilikuwa naitwa Katibu pande zote mbili za ukuta.

Kilichofuata kingechekesha kama kisingekuwa changu. Sifa za chakula cha harusi ya Mtemi zilimwendea Shangazi. Watu wakaanza kumfuata awapikie harusi zao, na Shangazi, ambaye nyumbani kwake chai yenyewe huchemshwa na mjukuu, akashindwa kukataa. Nikamwona siku moja anaingia uani kwa Mpishi, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilisimama karibu na ukuta nikasikiliza, sikatai.

"Mama, eti pilau ya kilo ishirini mafuta ni kiasi gani?"

Nilisubiri matusi ya dereva wa lori. Mpishi alimvutia kigoda akamfundisha. Mafuta, vitunguu, maji, moto unapunguzwa saa ngapi. Akamrudisha nyuma palipomchanganya. Walikaa mpaka mchana. Shangazi alipotoka, Mpishi alisema kwa sauti, kama anaambia ukuta, "Wale watu wataenda kula. Kosa lao nini?"

Miaka miwili baadaye magoti yalimkataza kusimama jikoni, akahamia Katumba kwa dada yake. Siku ya kuondoka nilibeba sufuria zake mpaka kwenye gari. Nilikuwa na maneno yangu tayari, na dereva akapiga honi.

Kuna video moja ya harusi ile niliyoitazama kuliko zote. Mpiga picha aligeuza kamera kutafuta ngoma, na kwa muda mfupi sana pembeni unaonekana moshi, na ndani ya moshi mkono, umeinuka juu ya sufuria, vidole vitatu vimekutana. Nimeisimamisha hapo mara nyingi. Hakuna anayeweza kujua mkono ule ni wa nani asipoambiwa.

Mwaka huu tulimzika Baba Mdogo. Wali wa msibani ulikuwa mbichi katikati na umeungua chini, na mama mmoja wa ukoo, amekaa karibu nami, akasema, "Angekuwa bado na nguvu Shangazi, msingekula hivi." Wote wakakubali kwa vichwa. Mimi nilikuwa na daftari la kikao mapajani. Nikasema pale pale, "Sio Shangazi aliyepika," nikataja aliyepika, jina na kwao. Walinitazama kwa upole, kama mtu aliyelemewa na msiba, mmoja akanipa maji. Nilikuwa nimechelewa kiasi kwamba ukweli wenyewe ulionekana kama ugonjwa.

Juma lililofuata nikaenda Katumba. Nilinunua kitenge, kizuri, cha kijani na njano, cha kuvishwa begani. Njiani nilijipanga: nitaomba msamaha, nitamvisha, nitamwambia nataka kuandika habari zake zote, na safari hii jina litakaa mahali pake.

Nilimkuta uani amekalia kigoda mbele ya mafiga. Amepungua. Viungo vya vidole vimevimba, na dada yake alininong'oneza getini kwamba dawa anazokunywa zimemharibu mdomo, hasikii ladha vizuri. Maharage yalikuwa motoni.

"Katibu," alisema. "Karibu. Sogeza hicho kigoda."

Nilimpa kitenge. Alikifungua, akakipapasa pindo, akakiinua kwenye mwanga.

"Kitenge kizuri," alisema. Akakikunja mara nne, akakishika kwa mikono miwili, akaepulia nacho sufuria.

Nikasema nilichokuja kusema. Nilimwambia kwamba si Baba Mdogo, ni mimi, kwamba nilikuwa na siku tatu za kumwambia.

"Na asubuhi," alisema.

"Na asubuhi nzima, mama."

"Nilikuwa nimevua viatu."

"Niliona."

"Uliona." Alichukua kata akaanza kupakua. Nikaendelea, nikasema nataka kuandika, jina lake na kwao, kama nilivyoandika mwanzo kabla sijakata. Yeye aliweka ugali, akaweka maharage, akanisogezea sahani, akakaa akitazama mkono wangu.

Nilikula. Maharage yalikuwa yameiva vizuri, na hayakuwa na ladha yoyote.

"Chumvi imetosha?" aliniuliza.

Sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Nilitazama vile vidole vilivyovimba, nikakumbuka maneno ya dada yake kuhusu dawa, nikaona uchungu kumwambia mwanamke huyu, yeye kati ya watu wote, kwamba chumvi imempita.

"Imetosha, mama," nikasema.

Akaweka kata chini.

"Sijatia," alisema.

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu. Dada yake ndani alikuwa anafagia.

"Umenionea huruma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile ulimwonea nani?"

Hakusubiri jibu. Aliinama pembeni ya kigoda akachukua kopo la chumvi, akalifungua kwa shida, kifuniko kikaanguka, nikakiokota.

"Andika ukitaka," alisema. "Andika yote, hata hayo ya mafuta ya Shangazi. Jina langu usiliandike. Ulikuwa nalo na kalamu ulikuwa nayo."

Kisha akachota kwa vidole vitatu, akanyunyiza kwenye sahani yangu bila kuonja, bila kuniuliza, akaniashiria kwa kidevu nile. Nikala. Ilikuwa imetosha.